Sanduku la Zana la Marehemu Hija

Jumatatu, 3 Machi 1952. Temeke.

Leo nimemzidi Mwinjuma akili. Ijumaa tajiri wa mbata atakagua malori yetu mawili. Lenye zana kamili za dharura ndilo litakalobeba mbata za Kimbiji msimu mzima. Nikikosa, mke wangu Kokuberwa ameapa tutauza lori na kurudi Bukoba. Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Sitazeekea kwenye migomba ya shemeji!

Sanduku la Mwinjuma ni la mbao, limeliwa na mchwa. Langu ni la chuma. Lilikuwa la marehemu Hija, dereva aliyetumbukia na lori lake kwenye daraja la magogo, njia ya Kimbiji. Mjane wake, Bi Somoe, yumo edani, hivyo tulizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia. Akaniomba nisubiri arobaini ipite, Jumamosi, kwani mwenye sanduku hajamaliza kulipanga. Nikamweleza kwa upole kuwa sanduku ni tupu. Akasema ndiyo, ndiyo maana. Nikambembeleza mpaka akachoka.

Jumanne, 4 Machi.

Nimepanga: jeki, spana sita, pampu, viraka na gundi yake, mkanda wa feni. Kufuli jipya. Ufunguo nimeufunga kwenye rozari, shingoni. Mwinjuma kapita, akauliza Mwalimu Spana anasafiri au anafungua duka. Watu wakacheka. Mtu asiyejua kanuni za wenzo hajibiwi.

Jumatano, 5 Machi.

Ajabu kidogo. Asubuhi nimekuta kamba ya katani juu ya spana. Imelowa, ina tope jekundu. Kufuli halijaguswa.

Maelezo ni haya. Chuma kikipoa hutoa jasho. Ndio unyevu ule. Kamba ni ya Kokuberwa, ameiweka kabla sijafunga. Yeye amekana, akasema hajawahi kuiona. Anasahau sana siku hizi.

Saa nne nikanasa kwenye tope Chanika, magurudumu yamezama nusu. Wakulima wakanivuta kwa kamba ileile. Tope la pale ni jekundu. Udongo mwekundu uko mahali pengi.

Alhamisi, 6 Machi.

Leo kipande cha sabuni. Kimeshatumika, kina alama za vidole vinne.

Karibu na Tandale tangi la petroli likatoboka. Dereva asiyesoma angelia. Mimi najua kuwa petroli huyeyusha gundi lakini haiyeyushi sabuni. Nikaikandamiza kwenye tundu. Vidole vyangu vikaingia sawasawa katika alama zile, kila kimoja mahali pake. Vilikuwa baridi mpaka jioni. Upepo wa mvua.

Kisha nikakaa na kupiga hesabu. Siku mbili, mara mbili. Kanuni: sanduku huleta kile nitakachohitaji siku hiyo. Basi ninunue zana nyingine za nini? Shoka na taa nimezifuta kwenye orodha. Mwinjuma anahangaika madukani. Maskini!

Ijumaa, 7 Machi.

Ushindi!

Asubuhi sanduku limeleta bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, pamoja na pamba na kafuri. Kokuberwa akapiga yowe, eti hiyo ni sanda, baba watoto, hiyo ni sanda. Nikamkalisha, nikamfafanulia: bafta ya kufutia mafuta, pamba ya kuchujia petroli, kafuri ya kufukuza mende. Kitambaa huwa sanda kwa matumizi, si kwa asili yake. Hoja nzuri. Akazidi kulia.

Tajiri akainama, akachungulia sandukuni, akavua kofia. Akasema kazi ni yangu. Mkono hakunipa. Mwinjuma akachungulia naye, akasema anajitoa. Kisha Mwinjuma yuleyule akanipa shikamoo, ya kwanza tangu tufahamiane, akaniomba nimsamehe yote aliyonikosea. Nimemsamehe. Heshima imechelewa, lakini imefika.

Bafta nzuri vile kufutia mafuta ni uharibifu. Nimeipeleka kwa fundi Albano anishonee kanzu ya kuanzia kazi.

Jumamosi, 8 Machi. Asubuhi.

Safari ya kwanza ya Kimbiji! Kanzu imenikaa barabara. Albano hakunipima. Anasema alipokunjua kitambaa alikuta vipimo vimeshachorwa kwa chaki, urefu na mabega, akadhani nimechora mwenyewe. Ufundi anao, ila porojo nyingi.

Bi Somoe ametuma mtu kuniambia kuwa arobaini ni leo, na mwenye sanduku amemaliza kupanga. Nimemtuma arudishe shukrani. Mwinjuma amesimama barabarani na wenzake, kofia mkononi. Wanajifunza adabu. Kokuberwa ameketi mbele ya gurudumu, anasema nimkanyage kwanza ndipo niende. Hajui kwamba lori lina gia ya nyuma. Nitamzunguka.

Nimefungua sanduku mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Tupu. Kufuli zima, ufunguo shingoni, lakini hata jeki yangu haimo, wala spana moja.

Niliogopa kidogo, lazima nikiri. Kisha nikaelewa. Ni hesabu nyepesi, mtoto wa darasa la tatu angeijibu: leo hakuna kitu chochote nitakachohitaji.