Deraya ya Mjerumani wa Mikumi

Wenceslaus, au Wensi kama alivyoitwa Kilosa mjini, alikuwa na kazi moja tu hapa duniani: kuwatafutia watu matumaini na kuwauzia. Aliwahi kuuza dawa ya kukuza mahindi ambayo yalikuwa yameshavunwa, na aliyenunua akashukuru. Siku ninayoisimulia alikuwa amekaa kwenye banda la gemu karibu na stesheni, mfukoni hana hata nauli ya kufika Chanzuru, anatazama vijana wakipigana kwenye televisheni.

Lilikuwa lile gemu la vita vya zamani, lenye sehemu nyingi, kila sehemu na nchi yake na karne yake. Shujaa anaanza na shati la ngozi, anapigwa mpaka unamwonea huruma. Akishindashinda anapata deraya ya chuma, mpaka mishale inamdunda na kuanguka. Vijana wawili walikuwa wakibishana ipi ni kiboko, ya sehemu ya pili au ya nne yenye vichwa vya simba mabegani.

"Ukivaa ya nne unatembea tu, oya," alisema mmoja. "Adui wenyewe wanachoka."

Wensi alikuwa mtoto wa marehemu katekista. Alikua akisikia habari za chapeo ya wokovu na dirii ya haki, ila kwa macho hakuwahi kuziona. Akatoa simu, akaipiga picha ile deraya ya simba, mbele, nyuma na ubavuni.

Maana Kilosa ina imani moja isiyozeeka: kwamba Mjerumani alipokimbia alizika mali. Watu wamechimba mashamba, wamechimba chini ya vitanda, na kuna mmoja alichimba choo cha jirani akidai ramani ndivyo inavyosema. Wamepata mizizi. Kilichokosekana, kwa mtazamo wa Wensi, ni mali yenyewe tu.

Bonifas, fundi wa kuchomelea mageti, aliitazama picha, akalitazama pipa tupu la mafuta ya alizeti, akasema inawezekana. Lakini Bonifas alimjua Wensi, kwa hiyo maneno hakuyataka. Alitaka baiskeli ya marehemu katekista.

Hapo Wensi alisita, tusimsingizie. Mama yake, Mama Agnesi, hakujua kuiendesha ile baiskeli, lakini kila Jumamosi aliitoa uani akaipaka mafuta kwenye mnyororo na vifundo vyote, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Bahati, mama alikuwa msibani Vidunda. Wensi akapiga hesabu: deraya itazaa pikipiki, pikipiki itaikomboa baiskeli, na mama akirudi atakuta kila kitu mahali pake. Akaitoa, na roho ikamuuma njia nzima.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Bi Mwamvua, mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Nyekundu, mpya, haina hata mkwaruzo. Wensi aliteremka kwenye basi la Kosta na gunia la katani mgongoni, akamkuta mama huyo barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una adabu wewe. Aliyekulea amekulea."

"Kwa fimbo, mama." Akafungua gunia. "Hii nimeichimba mwenyewe, Kilosa. Ya Mjerumani. Watalii wakitoka kuona tembo, wataona hii. Nakuachia kwa ile pikipiki tu."

Bi Mwamvua akainama. "Mjerumani alikuwa na simba mabegani?"

"Alipofika Mikumi akawaona, akaagiza."

"Na hii harufu ya alizeti?"

"Ndiyo iliyozuia kutu, mama. Wenzetu walikuwa na akili. Ila ina masharti. Usiikwangue rangi, mizimu yake haipendi."

"Masharti nayaheshimu," alisema Bi Mwamvua kwa upole. "Niachie niisomee dua chumbani."

Alikaa nayo huko muda wa kutosha chai ya Wensi kupoa. Alipotoka, uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyepata jibu.

"Nimeoneshwa kwamba aliyeichimba lazima aivae, akae nayo barazani kesho tangu adhuhuri mpaka adhana ya magharibi, bila kutamka neno. Akinyamaza, pikipiki yake. Akitamka, amevunja sharti: deraya inabaki hapa, na yeye anaihudumia mpaka mizimu iridhike. Unakubali?"

Angesema nini? Masharti aliyaleta yeye. Akakubali.

Kesho yake, Jumamosi, wakamfunga nati mwili mzima, wakamkalisha, na ufunguo wa pikipiki ukatundikwa kwenye msumari mbele ya macho yake. Watalii walisimama. Kisha vijana wa Mikumi wakamtambua. "Kamanda wa sehemu ya nne!" wakapigana vikumbo kupiga naye picha, na Bi Mwamvua akawa anapokea chake cha kila picha mlangoni. Ndani ya pipa Wensi aliiva. Nzi alimtembea puani, akavumilia. Mtoto alimgonga chapeo kwa kijiko, akavumilia. Jua likaanza kushuka, na ufunguo ukameta.

Ndipo Kosta ya kutoka Kilosa ikasimama. Kupitia tundu la chapeo Wensi aliona kitenge anachokijua. Mama Agnesi alipanda ngazi, akasimama mbele yake, akanyamaza, kama mtu mzima anavyosimama akisubiri haki yake.

Wensi akauma meno, akautazama ufunguo. Lakini mdomo una malezi yake.

"Shikamoo mama," ikasema deraya.

"Marahaba. Baiskeli ya baba yako iko wapi?"

Bi Mwamvua akautoa ufunguo kwenye msumari, hana haraka. "Pole, mwanangu. Huyo Mjerumani wako ndani ya kifua ameandikwa namba ya simu: mageti, madirisha, vitanda vya chuma, piga Bonifas. Nikapiga. Akaniambia alilipwa nini. Nikamtafuta mwenye baiskeli, nikamkuta ameshatoka msibani."

Wensi alitaka kulia, ila nati zilikuwa zimekaza hata kifua kisitikisike. Wale mama wawili wakaketi, wakanywa chai, wakakubaliana bila kumuuliza: atakaa humo kila Jumamosi, na fungu la picha litakwenda kwa Bonifas mpaka baiskeli irudi.

Basi ukipita Mikumi Jumamosi utamwona. Wazee wa pale wameshazoea kupita barazani makusudi, wanaamkiwa na chuma, wanaitikia marahaba, wanaondoka wamefurahi. Na asubuhi, kabla watalii hawajafika, Mama Agnesi huteremka kwenye Kosta na kikopo chake cha mafuta. Humpaka mwanawe magotini, viwikoni na shingoni, taratibu, kifundo kwa kifundo. Baiskeli bado haijarudi, na Jumamosi yake haijui kukaa bure.