Amplifaya Isiyotaka Kufa

Siku Obiero alipomwona Onyancha wa Keumbu akiegesha Peugeot yake mbele ya soko la Kisii, akipiga honi na asigeuke mtu hata mmoja, alijua riziki yake imefika. Alimalizia chai, akafuta mdomo, akavuka barabara.

"Gari zuri, mzee," alisema. "Masikitiko yangu ni kwamba ni bubu."

"Bubu vipi?" Onyancha aliuliza. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, mtu aliyependa kujulikana kuliko alivyopenda kulala.

"Mtu mkubwa husikika kabla hajaonekana. Wewe wanakuona kwanza, halafu wanaulizana ni nani."

Juma hilohilo Peugeot ya Onyancha ikapata sauti. Nyuma ya kiti zilikaa spika nne za besi, na chini yake amplifaya nzito iliyong'olewa katika gari kuukuu la sinema. Muziki ulipowashwa Keumbu, vioo vilitetemeka na kuku wa jirani wakahama. Onyancha alilipa bila kunung'unika, na kwa mchuuzi wa ndizi hilo si jambo dogo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ufundi wa Obiero, maana ufundi alikuwa nao. Kila spika ilikuwa ya omu nne, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, na amplifaya nayo ilitengenezwa kubeba omu nne. Fundi mwaminifu angefunga spika mbili mbili kwa mfululizo, kisha akaziweka jozi hizo sambamba, na hesabu ikarudi nne. Obiero alizifunga zote sambamba, hesabu ikashuka hadi moja. Omu zikipungua, amplifaya hunyonya umeme kupita kiasi. Sauti ikiwa ndogo, huvumilia. Ikipandishwa, fyuzi ndogo aliyoificha ndani, chini ya bati, hukatika na kimya kinaingia.

Na nani atanunua kitu kama hicho asipandishe sauti?

Onyancha aliipandisha Jumapili. Jumatatu Obiero alifika na uso wa matanga, akaigusa amplifaya kama anayempima mgonjwa joto.

"Ulipandisha mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Basi uliiua kwa furaha, mzee. Hii roho imetoka. Acha niibebe nikaitupe mbali, isije ikachoma gari."

Onyancha alimshukuru. Obiero akabadilisha fyuzi, akalipaka bati lake rangi ya fedha, na kabla mwezi haujaisha amplifaya ileile ilikuwa imeuzwa Suneka, ikafa huko, ikazikwa na kufufuka tena.

Mara ya tatu aliiuza Nyacheki, kwa mjane mwenye mashamba makubwa ya chai aitwaye Drusilla Bitutu. Marehemu mumewe alimwachia gari, naye aliona kuna faida katika kulikodisha kwa maharusi, likiwa na muziki wake. Alipatana bei mpaka Obiero akatoka jasho. Obiero hakujali, kwani mali ingerudi. Tena Nyamongo, mwenye bucha Nyamira, alikuwa ameshamlipa fahali mapema kwa amplifaya hiyohiyo, na fahali huyo Obiero alikuwa ameshamuuza, akaliwa Kisumu.

Akangoja habari za msiba. Hazikuja. Akapanda pikipiki yake mpaka Nyacheki, na alipozima injini uani akaisikia amplifaya ikiimba taratibu, kwaya ya kanisa, sauti ya chini kama ya mama anayebembeleza mtoto.

"Bwakire, fundi," Drusilla alimsalimu. "Umetufanyia kazi nzuri."

"Mama, mbona sauti ndogo hivyo? Mashine kama hii inataka kupumua."

"Sisi ni Wasabato. Mungu si kiziwi."

Obiero alimsihi aongeze kidogo tu. Alimweleza kwamba besi isipotikiswa hushika kutu. Hata Sabato ilipofika alikwenda kanisani, akaketi mbele, akaitikia nyimbo kwa moyo, kisha akapendekeza nje kwamba maharusi wa siku hizi wanataka kishindo. Drusilla alisikiliza kwa adabu na sauti ikabaki palepale.

Nyamongo alituma neno kwamba amechoka kungoja. Alituma pia kwamba visu vyake ameshavinoa, ingawa hilo huenda lilihusu kazi tu.

"Mama, niuzie tena ile kitu," Obiero alisema aliporudi. "Nimeizoea mno. Chukua hata hii pikipiki yangu iwe malipo."

Drusilla aliitazama pikipiki, akaizunguka, akabonyeza kiti chake. "Ingia ule kwanza. Amplifaya nitaifungua mwenyewe nikufungie kwenye katoni."

Obiero alikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga mpaka akalegeza mshipi. Katoni ilikuwa nzito ipasavyo, imekazwa kwa kamba ya katani. Aliacha pikipiki uani, akaipandisha katoni kwenye basi, akaipakata hadi Nyamira kama mtoto wa kwanza.

Nyamongo alikata kamba mwenyewe. Ndani mlikuwa na jiwe la kusagia wimbi, limeviringishwa kwenye gunia la majani ya chai.

"Hii inaimba wapi?" Nyamongo aliuliza kwa upole.

Obiero aliahidi kurudi na amplifaya yenyewe. Alipewa mpaka kesho yake, na rafiki wa Nyamongo mwenye mabega mapana wa kumsindikiza.

Nyacheki alimkuta Drusilla kivulini na Onyancha, wakinywa chai.

"Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja," Drusilla alisema. "Alikuja kunitembelea, akaisikia maiti yake ikiimba. Alikwangua rangi yako ya fedha kwa ukucha, akaitambua."

Yule mwenye mabega mapana alieleza habari za fahali. "Fahali wa Nyamongo nitamlipa mimi," Drusilla alimjibu, kisha akamgeukia Obiero. "Nawe utanifanyia kazi mpaka deni la fahali huyo liishe. Sasa funga hizo spika inavyopasa. Onyancha atakuangalia."

Obiero alifunga mbili mbili kwa mfululizo, akaweka jozi sambamba, akaitoa fyuzi yake ya siri na kuweka ya kweli. Onyancha mwenyewe akapandisha sauti mpaka mwisho. Besi ikatoka nzito na safi, haikukwaruza hata kidogo, ikateremka bondeni kupitia mashamba ya chai, na wachumaji wakainuka kusikiliza. Katika maisha yake yote ya ufundi Obiero hakuwahi kusikia kazi yake ikisikika hivyo. Alijikuta anatabasamu, kisha akajikasirikia.

"Nzuri," alisema Drusilla. "Sasa punguza, fundi."