Udaktari wa Kompyuta Namba Tisa

Inatangazwa kwa wananchi wote, kuanzia Rahaleo hadi Kilambo, kwamba Chuo Kikuu cha Mtawanya kimetunuku shahada yake ya kwanza ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta, na aliyetunukiwa ni Kompyuta Namba Tisa. Mwenye wivu ajinyonge.

Uamuzi huo ulitokana na hekima ya Bwana Gideoni, Kaimu Mkuu wa Idara, ambaye alikuwa amekaimu miaka kumi na moja bila kuchoka. Kanuni za chuo zilitaka idara iongozwe na mwenye uzamivu. Asipopatikana, mwenye shahada ya pili ashikilie kiti kwa muda. Gideoni alikipenda kiti hicho. Kilikuwa cha kuzunguka, na kilikaa chini ya kiyoyozi pekee cha idara. Yeye mwenyewe aliwahi kuanza tasnifu ya uzamivu mara mbili, na mara zote mbili akaishia kwenye ukurasa wa shukrani.

Ndipo akazuka Rukia, mhadhiri msaidizi, mtoto wa wakulima wa korosho. Kwa miaka sita alitengeneza programu inayotazama picha ya korosho na kusema ni ya daraja la kwanza au la pili, ili mkulima asipunjwe ghalani. Gideoni alimsaidia kadiri ya uwezo wake. Alimrudisha shambani mara tatu akapige picha upya, kwa kuwa korosho za mwanzo zilikuwa zimepitwa na wakati. Kisha akadai ridhaa ya maandishi ya washiriki wote wa utafiti, ikiwemo mikorosho. Mama yake Rukia akatia dole gumba kwa niaba ya mikorosho mia mbili. Hapo visingizio vikaisha, siku ya kutetea tasnifu ikafika, na Gideoni akakiona kiti kikimponyoka.

"Hizi korosho elfu arobaini," aliuliza mbele ya jopo, "ulizipanga madaraja wewe kwa mkono wako?"

"Hapana, Mwalimu. Zilipangwa na Kompyuta Namba Tisa. Ila mimi ndiye niliyeifundisha."

"Hata mimi nilifundishwa. Aliyenifundisha hakupewa cheti changu."

Jopo liliguna kwa heshima. Kanuni ilisema wazi kwamba kazi iwe ya mtahiniwa mwenyewe, na pilau ilikuwa inapoa chumba cha pili. Wakapiga kura. Shahada ikaenda kwa Namba Tisa, na Rukia akapewa barua ya pongezi kwa kuisindikiza. Nje alikuwepo mama yake, aliyetoka kijijini alfajiri na kanga mpya, akauliza kama mtoto amefaulu. Mhudumu alimjibu kwamba kilichofaulu ni kompyuta. Rukia alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Gideoni alilala usingizi mnono. Kompyuta haikai kitini, alijiambia.

Hakumkumbuka Bi. Mwanaidi, Msajili wa chuo, mwanamke anayesoma kanuni kama zilivyoandikwa. Jumatatu saa mbili asubuhi ilikuja barua yake: kwa kuwa idara imempata mwenye uzamivu, Kaimu akabidhi ofisi. Wahudumu wawili waliibeba Namba Tisa, wakaikalisha kitini na kuielekeza kwenye kiyoyozi. Gideoni akahamishiwa benchi la kwenye korido. Alipoomba ruhusa ya kwenda semina Dodoma, ilibidi fomu yake, yenye picha ya pasipoti, ipite kwa mkuu mpya. Mashine ikaitazama picha hiyo kwa makini, ikaandika: Daraja la pili. Wanafunzi waliokuwa mlangoni walitoka mbio wakacheke mbali.

Wiki ya tatu uvumilivu ukamwisha. Akaandika rufaa ya kurasa nne, akaigonga mhuri na kuipeleka Seneti. Bi. Mwanaidi aliisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Kompyuta haina akili. Haiwezi hata kujiwasha. Kila kilichomo katika tasnifu ile, tangu swali la kwanza hadi jibu la mwisho, kilifikiriwa, kikaandikwa na kujaribiwa na Rukia peke yake. Mimi nilikuwepo miaka yote sita, na ni shahidi."

Seneti ilikiri kwamba haijawahi kupata ushahidi wa mtu mzito kiasi kile. Rufaa ikakubaliwa yote, bila kupunguza hata nukta. Namba Tisa ikavuliwa udaktari na kurudishwa maabara. Shahada akapewa Rukia, na pamoja na shahada, ofisi.

Gideoni alinyoosha mkono, akasema anaomba kuifuta barua yake. Bi. Mwanaidi akamjulisha kuwa barua ya mtumishi hufutwa kwa idhini ya mkuu wake wa idara. Wajumbe wote wakamgeukia Rukia.

"Mwalimu ameandika vizuri sana," alisema Rukia. "Tuiache kama ilivyo."