Orait Moja Yatosha

Jumatatu, 2 Februari 1959
Ushindi! Kiingereza chote kimo katika neno moja: orait. Nimemsikia Bwana Shamba, Mzungu, alipokuja hapa Wingwi kukagua mikarafuu. Kaulizwa hali: orait. Kapewa dafu: orait. Karani wake kalimwaga lile dafu: orait, ingawa hiyo ilitokea puani. Na Mzee Jecha ameshatangaza kuwa bintiye, Mwanawema, ataolewa na mjuzi wa Kiingereza. Himid, anayemtaka kama mimi, kakisoma miaka minane. Maskini! Angenisubiri.

Jumatano, 4 Februari
Nimekwenda kwa Mzee Jecha. Kaniuliza afya. Orait. Kataka kuniongeza uji, nikafunika bakuli kwa mkono: orait, yaani basi. Mbuzi kaingia jikoni. Orait! Kwa ukali. Katoka mbio. Mzee akaguna kwa heshima. Mwanawema alicheka nyuma ya mlango. Mapenzi hayo! Himid alikuwepo, kanitumbulia macho.

Ijumaa, 6 Februari
Keshokutwa kuna mchezo wa ng'ombe na Bwana Shamba atakuja kutazama. Mzee Jecha ameamua mimi ndiye nikae naye. Himid hakupinga hata kidogo. Kaniogopa.

Jumapili, 8 Februari
Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.
Ngoma, zumari, wanawake wanaimba. Dume jekundu, kamba ndefu. Mzungu kasema maneno mengi. Orait. Kasema tena, akinyoosha kidole uwanjani. Orait, na tabasamu juu. Himid akainuka, akatangaza kuwa Mzungu ameuliza kama nitaingia kucheza, na mimi nimekubali. Papo hapo wanawake wakanitia katika wimbo. Kwetu mwanamme aliyeimbwa harudi kukaa. Nikapewa shuka ya kumchokozea dume.
Nilimwambia ng'ombe orait, kwa ukali ule ule wa mbuzi. Hakujali! Nikaparamia mkarafuu. Kila Mpemba anajua tawi la mkarafuu huvunjika bila huruma. Mimi nilikumbuka nikiwa hewani.
Mzungu akaniinamia, akauliza kitu, akionyesha gari lake. Machozi yananitoka, nikajibu orait. Akaondoka na gari lake. Nimerudi nyumbani juu ya punda.

Jumanne, 10 Februari
Himid kamposa Mwanawema na amekubaliwa. Hili limeniuma kuliko makalio. Nimelia, sifichi. Mama yangu, Bi Mize, ananikanda mafuta ya karafuu. Kaniambia, "Othman mwanangu, sema Kiswahili. Hata ng'ombe wa hapa ni wa hapa."
Ana haki. Neno lilikuwa bovu.
Jioni Himid kaja kunitazama. Alipogongana na mama mlangoni: sori. Asiposikia alichoambiwa: sori. Kuhusu Mwanawema: sori. Kikohozi kimemshika: sori tena. Sori! Miaka minane, kumbe siri ni hii!
Nikipona nakwenda Msuka. Mzee Masika ana binti, Khairiya, na nasikia anawapenda wasomi. Nasikia pia mzee ana dume jeusi. Nitamwambia sori.