Ngurumo Arudi Bangoni

Vernon Tackett hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Vernon alifunguliwa, akavutiwa kiti, akaulizwa kama anatumia sukari. Siku moja gari lake lilikuwa likikohoa kuelekea Port Hadley, Michigan, redio ikatangaza jambo lililomfanya apunguze mwendo, ingawa mwendo wenyewe haukuwa wa kupunguzwa.

Kituo cha redio cha muziki wa roki wa zamani cha mji ule kilikuwa kinatimiza miaka arobaini. Kilimtafuta Ngurumo, mtangazaji wake wa kwanza, aliyetoweka mwaka wa nne bila kuaga. Akijitokeza, zawadi yake ni gari jekundu lisilo na paa. Sura yake hakuna aliyeijua, maana enzi zile kituo kilimficha makusudi, kila msikilizaji amwote apendavyo. Kilichobaki mjini ni kumbukumbu ya sauti.

"Sauti tu?" Vernon aliiuliza redio. "Hiyo si kazi, ni likizo!"

Akanunua kanda kumi na mbili za vipindi vya Ngurumo, na wiki nzima akaendesha huku akiiga kila mkwaruzo wa koo. Kanda ya mwisho ilitafunwa na mashine, akaitupa. Kumi na moja zamtosha mwenye akili. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, lakini Vernon, kama tulivyokwisha kusema, hakuwa mwizi.

Jumamosi ya sherehe akapanda jukwaani na kushika maikrofoni. "Amka, Port Hadley! Kahawa haijinywi yenyewe!"

Wanaume wenye vipara wakalia kama watoto. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Stan Kowalczyk, muuza donati, mzee ambaye mji mzima ulijua kwamba kwa ugonjwa wa koo hasemi ila kwa kunong'ona. Mkewe Lorraine, meneja wa kituo, akaleta karatasi.

"Weka sahihi, kaka, kwamba ndiwe Ngurumo. Sherifu wetu wa polisi ndiye shahidi."

"Ndimi, dada. Kweli tupu."

Ufunguo ukatua kiganjani mwake. Hapo umati ukaanza kuimba: "Bango! Bango! Bango!"

"Bango gani?" Vernon akauliza.

"Acha utani, mzee," sherifu akasema, machozi yakimlengalenga. "Si uliapa hewani utakaa juu ya bango la kituo mpaka Nungunungu, timu yetu ya hoki, watwae kombe? Ukakaa siku tisa, ukateremka, ukatokomea! Marehemu baba alikungoja mpaka mwisho."

"Na hao Nungunungu, hawajalitwaa?"

"Bado. Ila mwaka juzi tulitoka sare!"

Vernon akaishusha maikrofoni. "Kusema kweli, jamani, mimi siye."

"Basi umeghushi sahihi mbele yangu na gari umelitapeli. Chagua mwenyewe, bango au jela."

Vernon alikuwa amejipalia makaa. Akapanda ngazi huku akishangiliwa. Juu alikuta kiti, blanketi, maikrofoni na redio. Chini ya bango, gari lake jekundu liling'aa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Watu walipotawanyika, Stan akapanda na kahawa. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kahawa haijinywi yenyewe, ndugu yangu," akanguruma.

Vernon nusura aanguke.

"Miaka thelathini na sita nanong'ona, naogopa hata kuagiza nyama kwa sauti! Lorraine akaniambia, 'Tulia, mume wangu. Tuweke gari jekundu, tapeli hatakosa.' Leo nimenguruma dukani, wamenicheka: 'Stan, koo limepona, na unamwiga Ngurumo vizuri!' Mungu akubariki sana." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo basi, niwe nakuwashia injini. Gari likilala bila kuendeshwa huharibika."

Vernon akampa. Ndipo akakumbuka kwamba maneno hayo hayo aliwahi kumwambia mjane mmoja wa Toledo, na gari la mjane halikurudi.

Gari jekundu likaondoka, Lorraine na Stan wakiimba kwa sauti zao zote. Redio ikakoroma, ikaleta matokeo ya mechi: Nungunungu wamefungwa tisa bila.

Vernon akajifunika blanketi.