Sheria Inaishia Sirari

Barua iliyotoka Kisumu ilikuwa na duara la chai. Nililitambua: ni la kikombe cha Alexander, kile kilichomeguka kitako, nilichokiosha kila asubuhi ofisini kwake Pasiansi, Mwanza.

Alexander alikuwa na shati jeupe na kitabu cha picha: redio, majiko, vyerehani. Soko huria limefika, alisema. Mteja achague, alipe, mzigo uje kutoka Kenya. Shangazi yangu Bernadeta aliuza ng'ombe wake wa pekee akaagiza cherehani. Kikaja kifuniko cha cherehani na sindano mbili.

"Mwanangu, na mashine yenyewe?"

"Shikamoo, mama. Muuzaji yuko Kisumu, kaandika kuomba radhi, mhuri huu hapa. Ila sheria yetu inaishia Sirari mpakani. Lalamika kulekule."

"Huko watasema nini?"

"Watasema ulinunua Mwanza," akajibu, mpole kama padri msibani.

Mhuri huo alikuwa ameuchonga kwenye nusu ya kiazi kitamu. Maganda niliyafagia mimi. Wala hakujua huyo ni shangazi yangu. Mfagiaji haulizwi ukoo.

Wiki iliyofuata akaingia mama mwenye miwani na faili.

"Awuor. Ofisi ya Kulinda Wanunuzi wa Nchi Tatu. Una kibali cha kuuza kuvuka mpaka?"

"Kiko njiani, mheshimiwa."

"Kama vyerehani vyako?"

Alexander alitota jasho. Hapo Awuor akalainika: mwenye kibali hicho hashtakiwi Tanzania, Kenya wala Uganda. Akakiweka mezani, kina mhuri wa bluu, mviringo safi. Macho ya Alexander yaling'aa. Mtu aliyekula kwa mihuri ya kiazi aliinama mbele ya mhuri! Akafungua sanduku, akalipa pesa zote: ng'ombe wa shangazi na jasho la wateja wenzake.

Alipokipeleka Sirari, askari walicheka hadi wakaitana. Akarudi, akasoma maandishi madogo chini: *Malalamiko yapelekwe Entebbe.*

"Binti, Entebbe ni wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa, kaka."

Wateja wote walirudishiwa chao. Shangazi sasa anashona sare Mkolani, na Awuor, mwenzake wa kwaya, bado anaimba sauti ya kwanza.

"Nani kanifanyia hivi?" Alexander aliniuliza siku anafunga ofisi. Niliendelea kufagia.

Sasa nasema. Ile nusu nyingine ya kiazi, kaka, niliichonga mimi.