Kuhusu Nyota Mbili Mlizowapa Madirisha Wazi

Denton, Texas
Jumatano

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kahawa yako haijapoa. Mimi ni Wynelle Kubicek, mwimbaji wa alto, safu ya nyuma, katika bendi ya Madirisha Wazi: wale watu wengi wenye majoho ya njano, magitaa, matarumbeta na kinubi kimoja. Jumapili gazeti lako lilichapa uhakiki wa albamu yetu mpya, Asubuhi Tena, ulioandikwa na Bwana Thaddeus Crall. Nimenyamaza mpaka leo kwa kuwa nililelewa vizuri. Sasa malezi yamefika ukingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Crall anasema albamu yetu ina "furaha isiyojua kubisha hodi". Watu wamevaa njano tupu, wana matarumbeta, wanaruka. Alitaka aonywe vipi zaidi?

2. Ametupa nyota mbili katika tano. Wiki iliyotangulia alimpa zote tano kijana mwenye gitaa moja anayelalamika kwamba mvua inanyesha. Hapa kwetu, mvua ikinyesha watu hutoka nje kuishukuru! Nani alipitisha kwamba mwenye huzuni ndiye mwenye akili? Ruby Dell wetu wa soprano amezika waume wawili, na ndiye anayeruka juu kuliko sote. Nilipomsomea uhakiki alisema, "Mwambie huyo bwana, kulia najua sana. Nalia nyumbani kwangu. Jukwaani nakuja kupumzika." Iliniuma, na bado inaniuma.

3. Hili ndilo zito. Majirani waliposoma gazeti walimhurumia Lonnie Vasek, kiongozi wetu na mtunzi wa nyimbo zote. Na kwetu mtu akipatwa na jambo haulizwi maswali, analetewa chakula. Yakaja mabakuli ya viazi na jibini, mabakuli ya maharage ya kuoka, kila moja limebandikwa jina la mwenyewe chini. Lonnie akavumilia, mimi nikajitolea kuosha vyombo. Lakini jana asubuhi Bi Oleta Hruska akaja na paja zima la nguruwe la kuoka, limepambwa kwa vipande vya nanasi. Mheshimiwa, paja la nguruwe ni la msibani, hata mtoto anajua. Lonnie alipoliona likipita mlangoni alikaa chini akasema, "Kumbe bendi imekufa, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

4. Jumamosi tunaimba kwenye uwanja wa mahakama, mji mzima utakuja na viti vyake vya kukunja. Sasa Lonnie ametaka majoho ya kijivu, amepiga marufuku makofi, na ametunga wimbo wa taratibu kuhusu ukame. Tuliujaribu jana jioni. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, ng'ombe wakafa. Ubeti wa pili tarumbeta moja ikapanda kidogo, Ruby Dell akaanza kutikisa bega, na kufika kiitikio mvua ilikuwa imenyesha na ng'ombe wote wamefufuka. Lonnie akafoka, "Nani katia furaha humu? Nauliza, nani?" Tukatazama viatu vyetu. Ni sisi sote. Akatoka bila kuaga, mtu ambaye hajawahi kuondoka mazoezini kabla ya kutukumbatia mmoja mmoja. Naogopa, Mheshimiwa. Naogopa Jumamosi hatakuja, na bila yeye hatuimbi.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, Bwana Crall azirudishe zile nyota tatu alizotunyima. Asipoweza, akatazwe kusikiliza muziki kabla ya kifungua kinywa. Hilo nalo likimshinda, ahamishiwe kwenye matangazo ya vifo, ambako kipaji chake kitathaminiwa. Na gazeti likikataa yote, basi liache pia kutabiri jua, maana jua nalo huingia nyumbani mwa watu bila hodi.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule dada wa mapokezi mwenye kikohozi, mpiga picha aliyetupiga tukiwa tumefumba macho, na hata Bwana Crall, ila yeye salamu fupi.

Wako kwa sauti ya alto,
Wynelle Kubicek

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliicheza albamu ili nitafute ushahidi. Sikuwahi kuisikiliza. Ukiwa safu ya nyuma unasikia alto na kiwiko cha jirani, basi. Mheshimiwa, furaha ni nyingi mno! Hakuna pa kuvutia pumzi. Wimbo wa nne niliuzima katikati. Bwana Crall kasema kweli tupu, na nyota mbili ni ukarimu.

Nikarudi kuosha mabakuli ya majirani. Jikoni kimya. Muda si muda nikajisikia naumalizia ule wimbo wa nne mwenyewe, na nje ya mlango sauti nzito ikaja kunishikia besi. Lonnie! Kaleta sinia ya lile paja la Bi Oleta, imebaki mfupa. "Bi Wynelle," akasema, "maiti hawezi kula namna hii." Tukacheka mpaka nikavunja bakuli la mtu.

Basi barua hii usiichape. Jumamosi ni majoho ya njano, na Bwana Crall nimemwekea moja, pana, kando yangu safu ya nyuma. Nyota zibaki hizo hizo mbili. Tuko wengi, lakini tumezoea kugawana.